Kupanga laini ya uzalishaji kwenye kiwanda kidogo: maswali yanayoulizwa sana Moshi na Arusha

Haya maswali yanatoka kwa watu wanaoanzisha viwanda vidogo huku kwetu, wengine wako Pasua, wengine Unga Limited na Njiro, na ingawa mmoja anatengeneza sabuni na mwingine anasaga dona, shida zao zinafanana sana. Ntatumia mfano mmoja tu toka mwanzo mpaka mwisho, siagi ya karanga, ili hesabu ziunganike. Namba za mfano ni za mfano, we weka za kwako.

Nianze na nini, kununua mashine au kutafuta eneo?

Anza na soko. Wengi wanakuja wakiwa wameshachukua mkopo, mashine iko njiani toka bandarini, halafu ndo wanauliza laini, yaani vituo vya kazi vinavyofuatana, ipangweje, na hapo kumsaidia mtu ni ngumu kwa sababu hela yote imeshakaa kwenye chuma. Jiulize kwanza maduka yanachukua makopo mangapi kwa siku, sio unayotamani, ni yale yaliyoagizwa au yanayokaribia kuagizwa. Tuseme ni makopo 600 ya gramu 400, yaani kilo 240 kwa siku. Sasa chukua muda: mnaingia saa 2 asubuhi mnatoka saa 11 jioni, toa saa moja ya chakula, toa nusu saa ya kuandaa asubuhi na nusu saa ya usafi jioni, zinabaki saa 7 ambazo ni sekunde 25,200. Gawanya kwa 600 unapata 42.

Hiyo 42 ndo mwendo wa laini yako. Kila sekunde 42 kopo moja linatakiwa liwe limetoka, na kila kituo, awe mtu au mashine, lazima kiweze kumaliza sehemu yake ya kopo moja ndani ya sekunde hizo. Iandike ukutani kwa herufi kubwa. Soko likibadilika hesabu inapigwa upya, makopo 300 kwa siku yanakupa sekunde 84 na hapo pengine nusu ya mashine ulizotaka kununua huzihitaji kabisa.

Nina mashine ya kusaga kilo 80 kwa saa, nimeona nyingine inasaga 200. Nikinunua hiyo si uzalishaji utapanda zaidi ya mara mbili?

Hapana, na naomba usome hili jibu lote kabla hujalipa, kwa sababu hapa ndo watu wengi wanapoteza hela.

Chukua simu, fungua stopwochi, kaa kwenye kila kituo pima raundi kama kumi hivi, usiulize mtu "huwa inachukua muda gani" maana kila mtu atakutajia ile siku iliyokwenda vizuri. Tuseme umepata hivi, tukihesabu kwa kilo za siagi kwa saa: kuchambua karanga, watu watatu, 36. Kukaanga 50. Kumenya maganda 60. Kusaga 80. Kujaza makopo, watu wawili na mizani moja, 30. Vifuniko na lebo 45.

Sasa laini hiyo inatoa kiasi gani? Inatoa 30, basi. Haijalishi kusaga ni 80 au 200, siagi yote inapita kwenye kujaza na kujaza ni 30, ng'ombe wakipelekwa mnadani kundi linafika na yule anayechechemea. Kilo 30 kwa saa mara saa 7 ni kilo 210, makopo 525, umepungukiwa 75 kila siku. Ukinunua ile mashine ya 200 utapata makopo 525 yale yale, isipokuwa sasa una deni.

Haya, nenda kasimame pale kwenye kujaza. Kilo 30 kwa saa ni makopo 75, maana yake sekunde 48 kwa kopo, na wewe unataka 42. Angalia hizo sekunde zinakwenda wapi. Mara nyingi kumimina kwenyewe ni sehemu ndogo, muda unaliwa na kufungua mfuko wa makopo, kuchota ikazidi, kupunguza, kuongeza tena kidogo, kutafuta kitambaa cha kufuta mdomo wa kopo. Weka makopo yaliyofunguliwa upande wa mkono wa kushoto, toa kijiko cha kupimia kinachobeba karibu gramu 400 ili mizani iwe ya kurekebisha tu, kitambaa safi kining'inie pale pale. Ukishuka mpaka sekunde 38 una makopo karibu 95 kwa saa, kilo 38 hivi. Sasa kituo cha nyuma, yaani kile kinachochelewesha vingine vyote, kimehama, kimekuwa kuchambua kwenye 36, na laini nzima inatoa kilo 252 kwa siku, makopo 630. Lengo lilikuwa 600. Umelifikia kwa kijiko na meza.

Ukimaliza hapo unarudi kupima tena, kwa sababu kituo cha nyuma kinahama kila unapokirekebisha na ukiendelea kuhangaika na kile cha zamani unajichosha bure.

Nisipokuwa na muda wa kupima, kuna dalili ya kuona kwa macho?

Ipo. Tafuta mahali mzigo unaporundikana, kituo kinachofuata mbele ya rundo ndicho kinachochelewesha. Na tafuta mtu anayesimama akisubiri kazi, huyo yuko baada ya kituo kinachochelewesha. Ila pima tu, ni asubuhi moja.

Karanga zilizokaangwa zinajaa kwenye madebe, si ni vizuri kuwa na akiba?

Akiba kidogo sawa, rundo hapana. Kuna hesabu moja rahisi: mzigo ulioko ndani ya laini, gawanya kwa unachotoa kwa siku, unapata siku ambazo karanga inakaa kiwandani kabla ya kutoka. Ukiwa na kilo 480 zimesimama kati ya kukaanga na kusaga, na unatoa 240 kwa siku, basi kila karanga inasubiri siku mbili. Karanga iliyokaangwa sio msumari, inavuta unyevu, mafuta yake yanaanza kuchacha, na ladha ya kopo la Jumatatu inakuwa tofauti na la Alhamisi halafu mteja anasema siku hizi mmebadilisha. Pia hela yako imelala pale kwenye madebe wakati muuza karanga wa Dodoma anapiga simu anataka chake.

Dawa yake ni mpaka. Weka idadi ya madebe, tuseme manne, yakijaa mkaangaji anasimama, anakwenda kusaidia kuchambua au kujaza. Wenye viwanda wengi hili linawauma, kuona mashine imezimwa na mtu "hafanyi kazi", lakini mashine ya kukaanga ikiendelea inatengeneza rundo tu. Toyota walijenga mfumo wao mzima kwenye wazo hili, kituo kinachotangulia hakitengenezi mpaka kinachofuata kihitaji, na Taiichi Ohno aliyekuwa anausimamia aliweka kuzalisha kupita mahitaji kwenye orodha ya upotevu saba, tena akauona ndio mbaya kuliko yote kwa sababu unaficha mingine.

Nimepanga nyumba ya kuishi naigeuza kiwanda. Mashine zikaeje?

Zifuate safari ya karanga. Chora ramani ya nyumba kwenye karatasi halafu chora mstari wa karanga toka inaposhushwa mpaka kopo linapotoka, mstari ukijikata wenyewe au ukirudi nyuma hapo kuna mtu atakuwa anabeba ndoo siku nzima bila sababu. Umbo la herufi U linafaa sana sehemu ndogo kwa sababu msimamizi akisimama katikati anaona vituo vyote, na mtu wa mwanzo anaweza kumsaidia wa mwisho kwa hatua chache. Ila kwa chakula kuna sharti moja, karanga mbichi na karanga iliyokaangwa zisikutane. Mbichi inakuja na vumbi la shambani na vimelea, kukaanga ndo kunaua, sasa ukipitisha gunia bichi pembeni ya meza ya kujaza umerudisha ulichokiua. Kwa hiyo kama ni U iwe na ukuta katikati, au mbichi iingilie mlango wa nyuma na kopo litokee wa mbele, na wafanyakazi wa mbichi wasivuke na viatu vyao.

Acha nafasi ya fundi kuzunguka mashine pande zote. Mashine iliyobanwa ukutani haitiwi grisi, utaona.

Kuchambua kunachelewesha, naweza kukuruka au kupunguza?

Hapana hapana. Kuchambua kunatoa zile zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye ukungu, na huko ndiko sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu, inakokaa. Kukaanga hakuiondoi yote, na kusaga kunaificha tu, kwa sababu kabla ya kusaga unaona karanga mbaya kwa macho ila baada ya hapo imeenea kopo zima. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa karanga ni isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, sio hadithi. Kituo hiki kiboreshe kwa njia nyingine: taa nzuri nyeupe, meza ya rangi inayoonyesha karanga vizuri, viti vya kimo sahihi ili mtu asichoke mgongo, mapumziko mafupi maana macho yanachoka kabla ya mikono. Na nunua karanga nzuri toka mwanzo. Gunia la bei rahisi lenye uchafu mwingi linapunguza kasi ya wachambuaji wako watatu, na kwa kuwa wao ndo kituo cha nyuma sasa hivi, limepunguza kasi ya kiwanda kizima. Tofauti ya bei ya gunia ipigie hesabu hapo.

Umeme wa nyumbani unatosha?

Angalia kibati cha mota. Mota kubwa za kusagia nyingi ni za fezi tatu na nyumba nyingi zina fezi moja, kwa hiyo ulizia TANESCO kabla hujalipia pango, sio baada, kwa sababu kuvuta laini kama nguzo iko mbali kunaweza kuzidi bei ya mashine. Kumbuka mota ikiwaka inavuta mkondo mara tano mpaka saba ya ule wa kawaida kwa muda mfupi, sasa mkiwasha mashine zote tatu kwa pamoja saa 2 asubuhi swichi inaanguka halafu mnailaumu TANESCO. Washeni moja moja. Na fundi akishaunganisha fezi tatu, jaribu mota bila mzigo kwanza uone inazunguka upande gani, ikizunguka kinyume anabadilishana nyaya mbili tu zozote inakaa sawa.

Umeme ukikatika, jua mapema nini kinaharibika. Karanga zilizoko ndani ya kikaangio zitaendelea kuiva kwa joto lililobaki, ziwe na mahali pa kumwagwa haraka zipoe.

Mashine ya nje au ya fundi wa hapa?

Inategemea spea. Arusha tuna bahati, TEMDO wako hapa na CAMARTEC wako hapa, kazi yao ni kubuni mitambo, na SIDO wana ofisi Arusha na Kilimanjaro na wanaunganisha watu na watengenezaji. Ya nje mara nyingi umaliziaji wake ni mzuri zaidi, lakini uliza beringi ni namba gani na kama inapatikana mjini, mkanda ni saizi gani, jiwe au sahani za kusagia zikiisha zinatoka wapi. Mashine inayosubiri spea wiki tatu ni mashine ya kasi sifuri. Kinachogusa chakula kiwe chuma cha pua, hilo usipunguze bei.

Kila mashine yangu ni nzuri, inasimama mara chache, mbona laini nzima inasumbua?

Hili linawashangaza wengi. Tuseme una mashine tano zimefuatana na kila moja iko hai asilimia 95 ya muda. Kama hakuna akiba yoyote kati yao, moja ikisimama zote zinasimama, na hesabu yake ni 0.95 mara 0.95 mara tano hivyo, inakuja asilimia 77. Karibu robo ya siku imekwenda na kila fundi anakuambia mashine yake ni nzima, na kweli ni nzima.

Ndo maana akiba kidogo inahitajika, na inawekwa mahali maalumu: kabla tu ya kile kituo cha nyuma. Kama ni kujaza, hakikisha siagi ya kujaza nusu saa hivi ipo daima kwenye tanki lenye mfuniko, ili mashine ya kusaga ikisimama dakika ishirini kubadili mkanda, wajazaji wasijue hata kama kuna kitu kimetokea. Saa moja iliyopotea kwenye kituo hicho imepotea kwa kiwanda kizima, hairudi. Saa iliyopotea kwenye mashine yenye nafasi inafidiwa mchana huo huo. Kwa hiyo grisi, ukaguzi, spea ya akiba, mtu mzoefu, vyote vianzie kwenye kituo cha nyuma.

Na weka daftari. Kila kusimama: saa ngapi, dakika ngapi, sababu. Mwisho wa mwezi jumlisha, utakuta sababu mbili tatu zinakula muda mwingi kuliko zingine zote.

Kwa wa Arusha ongezea hili, Juni na Julai kukiwa na baridi siagi inakuwa nzito na kujaza kunapungua kasi, Moshi iko chini zaidi na kuna joto, kwa hiyo huko hawalioni sana tatizo hili. Jazeni ikiwa bado ina uvuguvugu toka kwenye kusaga, musiiache usiku.

Natengeneza yenye chumvi na isiyo na chumvi. Kubadilisha kunanila saa nzima, nifanye wiki moja moja?

Ukifanya wiki moja moja utajaza stoo na aina moja huku mteja anataka nyingine. Punguza muda wa kubadilisha badala yake. Mhandisi Mjapani Shigeo Shingo alifanya hivyo Toyota, mashine kubwa ya kukandamiza bati iliyokuwa inabadilishwa kwa saa nne ikashushwa mpaka dakika tatu, na siri yake ni kutenganisha kazi zinazolazimu mashine izimwe na zile zinazoweza kufanywa ikiwa inaendelea. Maji ya moto, brashi, sahani safi za akiba, chumvi iliyopimwa, lebo mpya, vyote viwe mezani kabla hujazima. Ukizima unavua sahani chafu unavalisha safi unaendelea, kuosha zile chafu ni baadaye. Boliti za spana nne tofauti zibadilishwe ziwe saizi moja au komeo la mkono. Na panga mfululizo, isiyo na chumvi asubuhi halafu yenye chumvi, maana kwenda upande huo hakuhitaji usafi mkubwa kama kurudi.

Mashine ya karanga usiitumie kusagia vitu vingine vya kuuza. Kuna watu karanga inawadhuru vibaya sana.

Niwalipe kwa kipande au kwa siku?

Kwa kipande kila mtu anakimbia kivyake, mkaangaji atakaanga rundo maana ndo hela yake, na mchambuaji ataruhusu mbovu zipite. Mimi nashauri mshahara wa siku na bonasi ya wote kwa makopo mazuri yaliyotoka mlangoni, hapo aliyemaliza mapema ana sababu ya kumsaidia mwenzie. Kila mtu ajue angalau vituo viwili.

Na msiwachoshe watu. Henry Ford alipoanza laini inayotembea kwenye kiwanda chake cha magari cha Highland Park, Marekani, mwaka 1913, kuunganisha gari kulishuka toka saa kama 12 na nusu mpaka dakika 93, lakini watu walikuwa wanaacha kazi kwa wingi kiasi kwamba Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya walichokuwa wanapata, ili wabaki. Kubadilishana vituo kila baada ya saa mbili hakugharimu kitu na kunapunguza makosa, hasa kwenye kuchambua.

Kaizen na zile S tano ni za viwanda vikubwa tu?

Kaizen ni neno la Kijapani, maana yake kuboresha kidogo kidogo bila kuacha, na S tano ni hizi: sasambua (toa visivyohitajika), seti (kila kitu mahali pake), safisha, sanifisha (iwe utaratibu mmoja kwa wote), shikilia (usiache). Zinafaa hata chumba kimoja, ila zianze kwenye kituo kinachochelewesha, sio kupaka rangi geti. Ulizia ofisi za viwanda na biashara za mkoa wako kuhusu mafunzo ya Kaizen.

Vibali?

BRELA kusajili biashara, TIN ya kodi, leseni ya biashara, OSHA kusajili sehemu ya kazi, na TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia chakula pia, yaani jengo na bidhaa. Wapitishe kwenye mchoro wako wa laini kabla hujajenga kuta, kubomoa ni hela. SIDO wanatoa barua ya utambulisho kwa wajasiriamali wadogo wanaoomba alama ya ubora.

Nimepata oda ya ghafla ya makopo 1,800 juu ya yale 600 ya kila siku, niajiri shifti ya pili?

Piga hesabu kwanza. Ukiitawanya siku 10 za kazi ni makopo 180 zaidi kwa siku, jumla 780, kilo 312. Kukaanga kwa saa 7 kunatoa 350, kunatosha. Kumenya na kusaga kunatosha. Vifuniko na lebo 315, kunatosha kwa shida. Visivyotosha ni viwili tu, kuchambua kwenye 36 na kujaza kwenye 38, na vyote vinahitaji chini ya saa mbili za ziada kwa siku. Maana yake wanabaki watu watano, sio kiwanda kizima, makopo ya jioni yanafunikwa pale pale na lebo zinabandikwa asubuhi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kwa hiyo kama mnafanya saa 8 Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi zinabaki 5 tu. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 ndani ya wiki nne, siku nzima isizidi saa 12, na malipo yake ni mara moja na nusu. Hapa kila mtu hatazidi 20, mko ndani. Andikishaneni kabla ya kuanza, na karanga za kesho zikaangeni asubuhi, sio usiku huo.